Mwenye Ploti Hayuko

Kanjo, mtu wa baraza la mji, akiingia mtaa ule ulioko juu ya Majengo, pale Nyeri, wenye ploti wote huyeyuka. Mwenye ploti ameenda Nairobi. Mwenye ploti ameenda matanga Kagio. Mwenye ploti ni mgonjwa, na hata kama amepona, hayuko. Utamkuta mzee mzima amevaa gambuti zake, jembe mkononi, katikati ya shamba lake mwenyewe, anakwambia bila haya kwamba yeye ni kibarua tu. Watoto wa pale hujifunza kusema "hayuko" kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Mwaka ule kanjo walikuja sana. Mvua ya Elinino ilikuwa imenyesha tangu Oktoba, ikapita Krismasi, ikaingia Februari, na nyasi zilikuwa zimeota mpaka juu ya mapaa ya vyoo. Watu wa milimani ambao malaria walikuwa wakiisikia kwa redio tu sasa walikuwa wanatetemeka vitandani. Basi baraza la mji likakumbuka sheria zake za zamani: nyasi isizidi goti, magugu yang'olewe, na mwenye ploti atakayekaidi apelekwe kortini.

Asubuhi ile afisa wa afya, Peterson, alipotokea na koti lake la kaki, Wacera alikuwa dirishani kwa jikoni yake ya mabati. Wala hakuwa akimtazama Peterson. Alikuwa akiwatazama wanaume wawili waliozama katika nyasi za ploti yake, zinawafika kifuani. Mmoja alikuwa Ngatia, ndugu wa marehemu mumewe. Wa pili alikuwa bwana mnene mwenye kofia ya kahawia, ambaye Wacera hakuwa amewahi kumwona. Ngatia alikuwa akipima ardhi kwa hatua, na huyo wa kofia akimfuata nyuma akihesabu kwa midomo.

Ploti yenyewe ilikuwa futi hamsini kwa mia, nyumba ya mbao mbele na shamba nyuma. Hati yake ilikuwa bado kwa jina la baba yao Ngatia na Theuri, mzee aliyekufa zamani, na kila mtu alijua kwamba mzee alimpa Theuri. Lakini Theuri naye alikufa Agosti, akazikwa Mukurweini, na kabla udongo haujakauka Ngatia alimwambia mjane neno moja tu: asiguse kitu. "Usilime, usipande, usikate hata majani, shemeji, mpaka wazee wa ukoo wakae." Wazee hawakukaa. Wacera alitii, nyasi zikaota. Na leo asubuhi Ngatia alikuwa amesimama mlangoni, akakataa chai, akamwambia mwisho wa mwezi awe amehama yeye na wasichana wake wawili, Wakonyo na mdogo wake, kwa sababu mnunuzi amepatikana.

Peterson akawakuta wanaume wale katikati ya nyasi. Wacera aliona midomo ikicheza lakini hakusikia kitu. Alimwona Ngatia akisimama ghafla, akicheka, akimpiga Peterson begani kama rafiki wa siku nyingi, kisha akielekeza kidole gumba kwenye nyumba. Mara yeye na yule wa kofia wakaparamia pikapu, hao, wakaenda.

Amemwambia nini? Wacera tangu utotoni alikuwa mtu wa kuulizauliza. Jambo likimpita bila yeye kulielewa lilimwasha mwili mzima.

"Hodi! Mwenye ploti yuko?"

"Hayuko!" sauti tatu zilijibu kutoka ng'ambo ya ua. Majirani hawakuwa wameulizwa, lakini huo ndio ujirani wenyewe.

Peterson hakugeuza hata shingo. "Mimi nauliza wewe, mama. Mwenye ploti ni wewe?"

"Yule mwanaume amekwambia nini?"

"Ameniambia yake. Nataka kusikia yako."

Wacera alifungua mdomo aseme hayuko, kama watu wote. Lakini neno lilikataa kutoka. Tangu Theuri azikwe, mtu amemwambia ahame, mtu amemwambia avumilie, mtu amemwambia aolewe tena, lakini hakuna aliyemwuliza swali hilo.

"Ni mimi," akasema.

Apondi, jirani yake aliyekuwa akikaanga mandazi ng'ambo ya ua, alisahau mandazi.

Peterson mwenyewe alishangaa kidogo. Akatoa karatasi zake, akaandika samansi ya korti. "Jina? Wacera wa Theuri. Sawa. Sasa mama, sikiza. Nyasi ikipita goti ni makosa. Lakini ukikata kabla ya siku ya korti, mimi nitakuja niangalie, kesi iishe. Sina haja na wewe kortini."

"Ikipita goti ya nani?"

"Nini?"

"Wewe goti yako iko juu. Yangu iko hapa." Wacera aliinua rinda kidogo akamwonyesha. Hakuwa akifanya mzaha, alitaka kujua.

Peterson alitazama goti lake, akatazama la mama, na kwa miaka yote ya kazi yake inaonekana hakuwa amewahi kulifikiria jambo hilo. "Goti ya mtu wa kawaida," akasema.

"Na managu? Hiyo ni magugu ama ni mboga?"

"Ikiwa kwa sufuria ni mboga. Ikiwa huko nje ni magugu. Mama, kata majani!" Akaenda zake akitikisa kichwa.

*

"Wewe una wazimu," Apondi alimwambia jioni, wakiwa wameketi kwenye ngazi ya mlango. Apondi alikuwa mtu wa Siaya, mke wa polisi, amekaa Nyeri miaka mingi hata akawa anatukana kwa Kikuyu vizuri kuliko kwa Kiswahili. "Mtu anasema 'ni mimi' kwa kanjo? Hata mimi mke wa polisi huwa sisemi ni mimi. Kesho chukua panga tukate hii kitu, nitakusaidia."

"Ngatia alisema nisiguse."

"Ngatia ndiye ataenda kortini?"

Asubuhi ya pili Wacera aliwapeleka watoto shule, akajifunga leso kichwani, akateremka mpaka kortini. Hakuwa na kesi siku hiyo. Alitaka tu kuona kunavyokuwa, kwa sababu hajawahi kuingia ndani ya korti, na mahali asipopajua palimsumbua kuliko mahali pabaya anapopajua. Akabanana na watu kwenye benchi la nyuma.

Alicheka karibu ashikwe. Alisimama bwana mmoja ambaye nguruwe wake walikutwa wakizurura sokoni. Nguruwe si wangu, mheshimiwa, mimi huwa nawaona tu. Akasimama mwingine wa choo kilichofurika. Nyumba si yangu, ni ya ndugu yangu, naye hayuko. Hakimu, mwanamke mwenye miwani na mafua, alikuwa akipenga kamasi na kuandika, kupenga na kuandika. Kisha akasimama mzee mmoja wa ukuta ulioanguka barabarani. Karani akamsomea mashtaka, akamwuliza kama ni kweli ama si kweli. "Ni kweli," mzee akasema. Hakimu akainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Mwenye ploti amekubali," akasema kwa sauti, na kalamu yake ikaenda mbio.

Mwenye ploti amekubali. Wacera aliyasikia maneno yale yakisemwa na serikali yenyewe, chini ya ile picha kubwa ya rais ukutani, mbele ya askari na watu wote, na hakuna aliyesimama kupinga.

Alirudi mlimani akitembea upesi kama mtu aliyesahau chungu motoni. Alimkuta Apondi akihesabu mandazi.

"Mama Steve, mimi sikati hayo majani."

"Utafungwa!"

"Sikiza kwanza. Nani hushtakiwa kwa majani? Mwenye ploti. Nikihukumiwa mimi, na Ngatia hakuhukumiwa, mwenye ploti ni nani?"

Apondi aliliweka ndazi chini. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi. "Bwanangu anapeleka watu kortini miaka kumi. Hajawahi kuona mtu anakimbilia kuhukumiwa! Na hiyo ni akili yako mwenyewe ama uliambiwa?"

"Nimeiona tu."

"Inaweza kufanya kazi?"

"Sijui," Wacera akasema, na kwa kweli hakujua. "Lakini wazee hawataki kukaa, chifu ananiambia nirudi wiki ijayo kila wiki, na mwisho wa mwezi niko barabarani na watoto. Hiyo korti ndiyo mahali pekee nimealikwa."

*

Sasa, kuacha nyasi zikae si kazi ngumu mahali pengine. Nyeri ni kazi. Pale kila nyumba ina ng'ombe mmoja wa maziwa amefungwa nyuma ya nyumba akingoja kuletewa, na mwanamke akiona nyasi nzuri zimesimama bure huumwa na tumbo. Walianza kuja mmoja mmoja, na gunia kwapani. Mama Wakonyo, nikatie kidogo tu. Mama Wakonyo, nitakuletea maziwa. Aliwakataza wote, na hakuwaambia sababu, maana sababu ingefika kwa Ngatia kabla ya jua kutua. Wakaanza kusema ana choyo. Kisha wakaanza kutomsalimia kisimani.

Hayo aliyaweza. Yaliyomshinda ni ya kanisani. Jumatano mchana alisikia wimbo unapanda kilima, akachungulia: akina mama wa kanisa lake, wamejifunga vitambaa vyeupe, panga na slasha za kufyekea mikononi, na mbele yao mwenyekiti wao, Kananu, amebeba kiondo. Kumbe wamesikia mjane ana kesi ya majani. Wamekuja kumfyekea, bure, kwa upendo, na kiondoni kuna unga na sukari.

Wacera alikimbia akasimama langoni, mikono ameitanua huku na huku.

"Bwana asifiwe," akasema. "Msiingie."

Wimbo ulikatika. "Mama, tumekuja kukusaidia," Kananu alisema kwa upole. "Tunajua huna mwanaume wa kukata. Kwa saa mbili tutakuwa tumemaliza."

"Najua. Ahsanteni. Lakini majani isiguswe."

"Utapelekwa kortini!"

"Nitaenda."

Walitazamana. Mama mmoja alimnong'onezea mwenzake, si kwa sauti ndogo, kwamba kifo cha bwana kimemwingia kichwani huyu. Mwingine akasema hapana, ni kiburi, tangu zamani alikuwa na kiburi. Wacera alisimama pale akiyasikia yote, uso unamchoma, akitamani kumwambia Kananu hata yeye peke yake. Hakumwambia. Kananu akaweka kiondo chini, akatoa unga, akauacha langoni. Alitembea hatua chache, akafikiri, akarudi kukichukua kiondo na sukari iliyobaki ndani, na akaondoka nacho. Unga akauacha, sukari ikarudi kanisani.

Wacera aliingia ndani akalia mchana kweupe, kichwa juu ya meza. Alililia aibu, akamlilia Theuri, na kidogo aliililia ile sukari, kwa sababu watoto walikuwa wamekunywa chai bila sukari tangu Jumapili.

*

Ngatia alikuja siku moja kabla ya korti. Kanisa zima lilikuwa limezungumza habari za mjane anayelinda magugu, na Ngatia hakuwa mjinga. Alikuwa na duka la mbolea na dawa za ng'ombe mjini, alijua watu. Akashuka kwenye pikapu na vibarua wawili wenye slasha mpya.

"Shemeji," akasema akitabasamu, "nimesikia unasumbuliwa na kanjo. Kwa nini hukuniambia? Sisi ni familia. Hawa vijana watakata, kanjo ataona, kesho hakuna haja ya kwenda mahali."

Wacera alizitazama zile slasha. Nyasi zikianguka, kesi imeanguka. "Si ulisema nisiguse mpaka wazee wakae?"

"Wewe ndiye hufai kugusa. Mimi naweza." Akawapungia mkono vibarua. "Anzeni."

"Wewe! Wacha hapo!" Apondi alitokea upande wa pili wa ua, mwiko mkononi unadondosha mafuta. "Hiyo majani ni eksibiti!"

Vibarua wakasimama.

"Ni nini?" Ngatia akauliza.

"Eksibiti. Ya serikali. Iko na kesi kesho. Ukikata eksibiti umeharibu ushahidi, na hiyo si ya kanjo tena, hiyo ni ya polisi. Bwanangu ako hapo ndani amelala. Nimwamshe akuelezee?"

Mumewe alikuwa kazini Karatina, lakini Apondi alikuwa na macho ya mtu asiyeweza kudanganya. Ngatia alimtazama juu chini. "Wewe umetoka huko Nyanza. Hii ploti inakuhusu nini?"

"Panya! Panya za hii majani zinalala kwangu. Zinanihusu sana."

Vibarua walikuwa wameshaweka slasha zao kwenye pikapu bila kuambiwa. Ngatia akakunja uso, akamnyooshea Wacera kidole. "Kesho na mimi nitakuja huko kortini. Uone kama watakuita mwenye ploti na mimi nimekaa hapo."

*

Naye alikuja kweli, amevaa koti na tai, na kando yake ameketi yule bwana wa kofia ya kahawia. Huyu, Apondi alikuwa amepeleleza, aliitwa Kathurima, mfanyabiashara wa mbao kutoka Meru. Ngatia alikuwa amemleta amwonyeshe jinsi jambo dogo linavyomalizwa.

Jina la Wacera lilipoitwa, alisahau kuogopa. Kizimba kilikuwa na mbao zilizong'ara kwa kushikwa na mikono ya watu, akajiuliza ni wangapi wameshika hapo kabla yake. Karani akamsomea: kwamba wewe, ukiwa mwenye ploti ile, uliacha nyasi na magugu kuota kupita kiasi, kinyume cha sheria ndogo za mji. Ni kweli ama si kweli?

"Ni kweli."

"Mheshimiwa!" Ngatia alikuwa amesimama. "Mheshimiwa, napinga. Huyu mama si mwenye ploti."

Hakimu alimtazama juu ya miwani. "Wewe ni nani?"

"Naitwa Ngatia. Mwenye ploti ni mimi. Huyu alikuwa tu bibi ya ndugu yangu."

"Ahaa." Hakimu akapenga kamasi. "Vizuri sana umejileta. Basi magugu haya ni yako?"

Miaka arobaini ya kukaa katika mji ule ilikuwa imeufundisha mdomo wa Ngatia jibu moja tu la swali kama hilo.

"Ploti ni yangu," akasema. "Magugu ni yake."

Korti ilipasuka kwa kicheko. Askari mwenyewe alicheka, halafu akakumbuka kazi yake akapiga kelele watu wanyamaze.

"Nataka nielewe," hakimu akasema. "Udongo ni wako, lakini kinachoota ni cha mama?"

"Mheshimiwa, yeye ndiye anakaa hapo..."

"Mheshimiwa." Peterson aliinuka kutoka kwenye kiti cha mashahidi, mrefu, koti lake la kaki limepigwa pasi. "Huyu bwana namfahamu. Siku niliyokwenda kukagua, nilimkuta yeye ndani ya hizo nyasi pamoja na mtu mwingine. Nilimwuliza yeye kwanza kama ndiye mwenye ploti."

Wacera alishika mbao za kizimba kwa nguvu. Hapo sasa. Usiku na mchana tangu siku ile alikuwa amejiuliza.

"Akakujibu nini?"

"Alicheka, mheshimiwa. Akasema, 'Zi, si mimi, mimi nimepita tu. Hii ploti ni ya huyo mama kwa nyumba, aliachiwa na bwanake. Muulize yeye.'"

Wacera alimgeukia shemeji yake, na cha ajabu hakuhisi hasira. Alihisi kama mtu aliyetafuta kisu nyumba nzima akakuta amekishika mkononi.

"Hiyo nilikuwa nasema tu!" Ngatia alipaza sauti. "Mheshimiwa, hiyo ni kuongea na kanjo! Kila mtu anaambia kanjo hivyo! Ulizeni hawa wote!" Akageukia mabenchi, mikono ameinyoosha, na watu aliowafahamu tangu utoto wakatazama sakafu.

"Bwana Ngatia," hakimu alisema polepole, "ama ulimdanganya afisa wa afya akiwa kazini, na nyasi ni zako, basi ingia kizimbani huyu mama atoke, tuongeze na hilo la kudanganya. Ama ulimwambia ukweli, na unanidanganya mimi. Chagua."

Ngatia alisimama. Jasho lilimtoka pembeni mwa masikio. Ungemwona ungemhurumia, mtu mzima na tai yake, anatafuta njia ya tatu mahali palipo na mbili. Mwishowe akaketi.

"Sikusikia," hakimu akasema.

"Nilimwambia ukweli," Ngatia akasema akitazama viatu.

Kalamu ya hakimu ilikwenda, na kila mtu alisikia inavyokwaruza. Kando ya Ngatia, Kathurima aliinuka taratibu, akajipukuta suruali. "Ulinileta hapa nisikie ploti ni yako," alisema, na ingawa alikusudia kunong'ona alikuwa na kifua cha mtu wa kukata miti. "Nimesikia." Akavaa kofia yake palepale mlangoni na kutoka.

Hakimu alimgeukia Wacera. "Mama, korti hii haiamui mambo ya urithi. Hayo yana mahali pake. Lakini yaliyosemwa hapa nimeyaandika, na atakayeyataka atayasoma. Sasa, mwenye ploti amekubali kosa. Una la kusema kabla sijakuhukumu?"

Wacera alifikiri. Apondi, kule nyuma, alikuwa akimfanyia ishara za kulia, ajikamue machozi, aseme ni mjane. "Nilitaka kuuliza tu," akasema. "Hiyo goti kwa sheria, ni ya nani?"

Hakimu alimtazama Peterson. Peterson alitazama dari. Hakimu akafungua kitabu cha sheria ndogo, akasoma, akageuza ukurasa, akasoma tena. "Haisemi," akakiri, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. Alimtoza faini ndogo, ya chini kabisa aliyoweza, na akamwamuru yeye mwenyewe, kama mwenye ploti, kufyeka ardhi yake kabla ya wiki kwisha.

Wacera alimshukuru hata karani akadhani hakusikia vizuri. "Mama, umepigwa faini," akamkumbusha.

"Nimesikia. Mungu awabariki."

*

Siku aliyokata, aliwaita wote. Alipita mwenyewe nyumba kwa nyumba akiwaambia waje na magunia, na sasa sababu aliwaeleza, tangu mwanzo, hadi ploti ni yangu magugu ni yake. Walicheka mpaka wakashikana. Kananu alikuja na panga na kile kiondo chake, na akaweka sukari mezani jikoni, pakiti mbili. Wacera akachemsha chai kubwa.

Walikata wakiimba. Panya walitoka kwa ukoo mzima, Apondi akiwafuata na mwiko na kuwaita majina ya maafisa. Nyasi zilipolala, ploti ilionekana ndogo kuliko Wacera alivyoikumbuka, na ardhi yake nyeusi, yenye mbolea ya majani yaliyooza miezi yote ile. Alichimba kwa kidole akatazama. Viazi vingependa hapa. Kona ile managu ibaki, kanjo asema atakavyo.

Ngatia hakuwa ameonekana tangu siku ya korti. Watu walisema anawatafuta wazee sasa, yeye ambaye alikuwa hataki wakae, na kwamba kila mzee anayemwendea anamwuliza kwanza kama ni kweli alisema vile. Kesi ya urithi ingekuja. Wacera alijua itakuja, na alikuwa akiiwazia kwa hamu kidogo, kutaka kujua huko nako kunakuwaje.

Jua lilikuwa limeegemea upande wa Aberdare koti la kaki lilipotokea mwanzo wa mtaa. Kando ya barabara mzee mmoja aliyekuwa akipalilia mbele ya nyumba yake alitupa jembe na kuwa kibarua. Milango miwili ilifungwa. Peterson alifika langoni, akatazama ploti ilivyonyolewa, akalinganisha na goti lake kwa mazoea, kisha akaita kama alivyoita maisha yake yote:

"Hodi! Mwenye ploti yuko?"

Wacera alikuwa ameinama kule mwisho, mgongo kwa lango. Alisikia swali likipita juu ya vichwa vya wale wanawake wote, na akasikia walivyonyamaza. Wote walikuwa wamezaliwa na jibu moja mdomoni.

"Yuko!" Apondi akapiga kelele.

"Yuko!" Kananu akadakia, gunia mgongoni. Na mwingine kule kwa ua, na mwingine, mpaka watoto barabarani wakaanza kuliimba neno lile kama jipya. Yuko, yuko, ingia, mwenyewe yuko.

Wacera alinyoosha mgongo. Alijifuta mikono kwenye rinda, mara mbili.

"Niko," akasema.